Safari ya ndege haianzii uwanjani

Miongoni mwa hesabu ambazo mwanafunzi wa Kidato cha Nne hukutana nazo kabla ya mtihani wake wa mwisho, imo moja ambayo sisi walimu wa hisabati twaipenda na wanafunzi wengi huiogopa. Nayo ni ile ya kutafuta umbali baina ya miji miwili juu ya tufe la dunia. Mwanafunzi hupewa latitudo na longitudo za viwanja viwili vya ndege, huambiwa kwamba nusukipenyo cha dunia ni kilomita 6,370, kisha hutakiwa aseme ndege itasafiri kilomita ngapi na itachukua muda gani ikienda kwa kasi fulani. Akishapata jibu hulipigia mistari miwili, akageuza ukurasa.

Hoja yangu leo ni kwamba ukurasa huo hugeuzwa mapema mno. Jibu lililopatikana ni sahihi, wala sina ugomvi nalo; lakini ni jibu la safari ya ndege, si la safari ya mtu wala ya mzigo. Sehemu ya safari ambayo haikuhesabiwa iko ardhini, na kwetu sisi tunaoishi kando ya barabara ya Embu kwenda Meru, sehemu hiyo hupita katikati ya soko letu la Karurumo kila siku iendayo kwa Mungu. Nathubutu kusema kwamba humo katika kilomita zisizohesabiwa ndimo roho za watu zinamopotelea.

Ili tusizungumze hewani, na tuchukue viwanja viwili ambavyo safari yake inatuhusu moja kwa moja: Nairobi na Mogadishu. Uwanja wa Jomo Kenyatta, ule uliofunguliwa mwaka 1958 ukiitwa Embakasi, uko kusini ya Ikweta kwa digrii 1 na dakika 19, na mashariki ya Greenwich kwa digrii 37 kasoro kidogo. Uwanja wa Wilson uko upande wa magharibi yake, mwendo mfupi tu. Ule wa Aden Adde mjini Mogadishu uko kaskazini ya Ikweta kwa digrii 2, na mashariki kwa digrii 45 na dakika 18. Anayejua kuzitumia tarakimu hizo atagundua kwamba pembe inayofanyika katika kitovu cha dunia baina ya miji hiyo miwili ni digrii 9 hivi.

Sasa kazi imekuwa nyepesi. Ukichukua 22/7 kuwa pai, mzingo wa dunia huwa kilomita 40,040. Gawa kwa 360, kisha zidisha kwa 9. Utapata kilomita 1,001. Ukipenda maili za baharini, kumbuka kwamba kila dakika moja ya duara kuu ni maili moja, na kila digrii ina dakika 60. Basi 9 mara 60 ni maili 540, na kila maili ya baharini ni kilomita 1.852. Njia zote mbili zinafikia mahali pamoja: kilomita 1,000 na ushei kidogo.

Ndege ya rafadha yenye kasi ya kilomita 500 kwa saa itahitaji saa 2. Ndege ya jeti iendayo kilomita 800 kwa saa itahitaji saa 1 na robo. Tofauti yao ni dakika 45. Msomaji aiweke tarakimu hiyo ya 45 akilini, maana nitairudia.

Kabla hatujashuka ardhini, ni haki kusema kwamba hata huko angani hesabu ya kugawa umbali kwa kasi haitoshi. Ndege haiondoki ilipoegeshwa ikaanza papo hapo kwenda kilomita 500 kwa saa. Hujikokota hadi kwenye njia ya kurukia, husubiri zamu yake, hupanda taratibu, na mwishoni hushuka taratibu vile vile. Upepo nao una sauti kubwa. Shirika la ndege la Kenya Airways lilipoanzisha safari ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York mnamo Oktoba 28, 2018, lilitangaza kwamba kwenda kungechukua saa 15 na kurudi saa 14. Umbali ni ule ule, karibu kilomita 11,800. Kilichotofautiana ni upepo mkali wa juu ambao katika latitudo za kati huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Aendaye New York hupambana nao. Arudiye Nairobi husukumwa nao. Huo ndio uthibitisho mwepesi kuliko yote kwamba umbali na muda ni ndugu, lakini si pacha.

Saa za ukutani pia zina hila zake. Kenya na Somalia hutumia saa moja, ile iliyotangulia Greenwich kwa saa 3. Saa 3 ni sawa na digrii 45 za longitudo, kwa kuwa dunia huzunguka digrii 1 kila baada ya dakika 4. Maana yake ni kwamba saa tuliyoivaa mkononi hapa Karurumo kwa hakika inafuata jua la Mogadishu kuliko jua letu. Sisi tuko karibu na longitudo ya 37 na nusu, na ndiyo sababu jua hufika utosini mwetu karibu nusu saa baada ya saa sita za mchana. Mwalimu wa jiografia anayetaka mfano wa longitudo na wakati hana haja ya kwenda Greenwich. Kijiti na kivuli chake katika uwanja wa shule vitamtosha.

Lakini kwa nini nimechagua Mogadishu? Kwa sababu ya miraa. Kwa miongo mingi majani hayo yanayochumwa katika milima ya Nyambene yamekuwa yakishuka kutoka Maua, yakapakiwa ndegeni Nairobi, hasa katika uwanja wa Wilson, yakafika Somalia yangali mabichi. Wilson, uwanja uliopewa jina la Florence Kerr Wilson, mwanamke aliyeanzisha kampuni ya ndege ya Wilson Airways mwaka 1929, ndio pia makao ya madaktari warukao wa AMREF, shirika lililoasisiwa mwaka 1957. Hivyo katika uwanja huo mmoja hukutana mbio za aina mbili: mbio za kumwahi mgonjwa asife, na mbio za kuliwahi jani lisife.

Jani hilo lina haraka yake, wala si haraka ya kuzuliwa na wafanyabiashara. Dawa iliyomo ndani ya miraa, iitwayo kathinoni, huanza kupungua nguvu mara tu tawi likatwapo, na baada ya siku mbili hivi mnunuzi hapati alichokilipia. Kulifunga katika majani ya mgomba huchelewesha kunyauka, hakukuzuii. Kwa hiyo kila mzigo una saa zipatazo 48 za kuishi, na ndani ya saa hizo lazima kuwe na kuchuma, kuchambua, kufunga, kusafirisha hadi Nairobi, kupima, kupakia, kuruka, kushusha, kugawa na kuuza. Katika orodha hiyo ndefu, kuruka ni saa 2 tu.

Na sasa tushuke barabarani. Kutoka Maua hadi Nairobi kwa njia ya Meru, Chuka na Embu ni kati ya kilomita 270 na 300. Tuseme ni 280. Gari hushuka kutoka Nyambene, hupita mji wa Meru na kuikata Ikweta, huzama na kuibuka katika mabonde ya mito inayotoka Mlima Kenya, huvuka mto Thuci ulio mpakani mwa Embu, kisha hufika Karurumo. Kutoka hapa huendelea hadi Embu, Makutano, Thika na jijini. Mtu asiyeifahamu njia hii asidhani ni barabara iliyonyooka kama rula. Katika bonde la mto Nithi peke yake maisha mengi yamepotea. Mnamo Julai 2022 basi la abiria lilitumbukia humo na watu zaidi ya 30 wakafariki.

Sheria ya Kenya humtaka dereva wa gari la biashara asizidi kilomita 80 kwa saa, na apitapo katika miji na masoko asizidi 50. Tuchukulie kwamba katika zile kilomita 280, kilomita 60 ni za masoko na miji. Kilomita 60 kwa kasi ya 50 ni saa 1 na dakika 12. Kilomita 220 zilizobaki kwa kasi ya 80 ni saa 2 na dakika 45. Jumla ni saa 3 na dakika 57, yaani karibu saa 4. Huo ndio muda wa halali, bila kusimama hata kunywa maji. Tazama basi: njia ya ardhini ambayo ni fupi kuliko ya angani mara tatu na zaidi huchukua muda mrefu kuliko ya angani karibu mara mbili.

Sasa tuseme dereva ameamua kwenda kilomita 120 kwa saa, mjini na nje ya mji. Atafika baada ya saa 2 na dakika 20. Atakuwa amepata saa 1 na dakika 37 ambazo hakupewa na mtu. Najua msomaji atanikatiza aseme kwamba katika kona za Nithi hapana awezaye kudumisha kasi hiyo. Ni kweli. Basi na tumpe nusu tu ya dakika hizo. Nusu yake ni dakika 48 na ushei, nazo bado ni nyingi kuliko zile 45 ambazo mwenye mzigo angezipata kwa kuacha ndege ya rafadha na kukodi ya jeti.

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu. Anayetaka kupunguza muda wa safari hiyo ana njia mbili. Anaweza kununua dakika angani, ambako kila dakika hulipiwa mafuta, ndege kubwa zaidi na kodi ya uwanja. Au anaweza kuzinunua barabarani, ambako zinapatikana kwa kukanyaga tu. Muda wa angani umelindwa: rubani ana mpango wa safari ulioidhinishwa, ana mtu wa kumwongoza kutoka mnarani, ana sheria inayomkataza kurusha ndege akiwa amechoka, na hapana mfanyabiashara awezaye kumnong'oneza sikioni aongeze mwendo. Muda wa ardhini hauna mlinzi. Kwa hiyo shinikizo lote la safari, kuanzia shambani hadi sokoni ng'ambo, humwangukia dereva mmoja aliyeshika usukani. Naye hulihamishia kwetu sisi tunaovuka barabara.

Dakika za barabarani huonekana kuwa rahisi kwa sababu bei yake hailipwi na anayezitumia. Hulipwa na mama aliyebeba ndizi kuzipeleka sokoni, na mwendesha bodaboda anayejitokeza kutoka njia ya vumbi, na mtoto wa shule ambaye hajajifunza kukisia kasi ya gari linalomjia. Mimi nimewahi kusimama mbele ya darasa lenye dawati moja tupu, nikitakiwa kuendelea na somo. Gari lililomgonga mwanafunzi yule lilikuwa la nani, halikuwa jambo lililotusaidia kulijua. Wanafunzi wenzake hawakuniuliza juu yake. Mmoja wao aliniuliza: "Mwalimu, lilikuwa likiwahi nini?"

Swali hilo ni la hisabati, ingawa aliyeliuliza hakulikusudia hivyo. Kasi ya kilomita 120 kwa saa ni mita 33 kwa sekunde. Mtu akimwona mtoto barabarani, na ikimchukua sekunde moja kuupeleka mguu kwenye breki, gari litakuwa limekwisha kwenda mita 33 kabla breki haijaguswa. Kwa kasi ya 50, ni mita 14. Na nguvu ya mgongano haiongezeki kwa kiasi cha kasi, bali kwa kipeo cha pili cha kasi. Ukigawa 120 kwa 50 unapata 2.4, na kipeo chake cha pili ni 5.76. Yaani gari lile lile, likiwa na mzigo ule ule, linampiga mtu kwa nguvu karibu mara 6 kuliko ambavyo lingempiga kama dereva wake angetii kibao cha soko. Katika kila mmoja wa miaka ya 2021 hadi 2024, zaidi ya watu 4,000 walikufa katika barabara za Kenya. Sisemi kwamba miraa ndiyo iliyowaua. Nasema kwamba haraka ina hesabu yake, nasi hatuifundishi.

Huenda msomaji akadhani nataka biashara hiyo ifungwe. La hasha. Mti wa miraa umesomesha watoto wengi kupita ninaoweza kuwahesabu, na ndugu zetu wa Mbeere wanaopanda muguka wanajua karo hutoka wapi. Ubaya au uzuri wa kulitafuna jani hilo ni mjadala mwingine. Zaidi ya hayo, historia imekwisha kutuonyesha kwamba si umbali unaoifunga biashara hii. London iko karibu kilomita 6,800 kutoka Nairobi, safari ya saa 8 na nusu au 9, na bado miraa ilifika huko ingali mbichi kwa miaka mingi. Iliyoifunga njia hiyo ni sheria: Uholanzi iliipiga marufuku Januari 2013, na Uingereza ikafuata Juni 24, 2014. Kilomita hazikuongezeka hata moja, lakini London ikawa haifikiki. Vivyo hivyo, Mogadishu ilibaki pale pale katika digrii 9 zake wakati Somalia ilipoifunga njia mnamo Machi 2020, na haikusogea hata hatua ilipoifungua tena Julai 2022. Katikati ya tarehe hizo, mkulima wa Igembe aliishi mbali na soko lake kuliko alivyowahi kuishi.

Basi kuna umbali wa aina tatu, na kila mwanafunzi afaa autambue kila mmoja. Upo umbali wa kilomita, ambao hupimwa kwa pembe na nusukipenyo. Upo umbali wa saa, ambao hupimwa kwa barabara, upepo na foleni. Na upo umbali wa ruhusa, ambao huamuliwa katika ofisi. Wa kwanza haubadiliki. Wa pili na wa tatu hubadilishwa na watu, na kinachobadilishwa na watu chaweza kurekebishwa na watu.

Mfano wa Isiolo watufundisha hayo yote kwa pamoja. Uwanja wa ndege wa Isiolo, ulio jirani kabisa na Meru, ulipanuliwa na ukafunguliwa rasmi mwaka 2017, na moja ya ahadi zilizotolewa ni kwamba mazao ya eneo hili, miraa ikiwemo, yangepata njia ya karibu ya kwenda ng'ambo. Tukiipiga hesabu ile ile ya pembe, Isiolo na Mogadishu hutenganishwa na digrii 7.9, ambazo ni kilomita 880 kasoro kidogo. Ndege ingeokoa zaidi ya kilomita 120 kuliko ikiondokea Nairobi. Barabara nayo ingepungua zaidi: kutoka Maua hadi Isiolo kupitia Meru ni kama thuluthi moja tu ya njia ya kwenda Nairobi. Kwenye karatasi, hapana mwanafunzi ambaye angechagua Nairobi.

Hata hivyo, miaka ikapita na magari yakaendelea kushuka kuelekea Nairobi. Kwa nini? Njia ya kurukia ya Isiolo ilijengwa ikiwa na urefu wa kilomita 1.4 hivi, ilhali ile ya Jomo Kenyatta ina zaidi ya kilomita 4. Isiolo iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na kadiri uwanja unavyoinuka na joto kuzidi, ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi na ndege nzito inavyohitaji mbio ndefu zaidi ili ipae. Kisha kuna yasiyohusu fizikia: ndege zenyewe na mafundi wake wako Nairobi, mawakala wa forodha wako Nairobi, na ndege inayokwenda na miraa hutafuta abiria na shehena ya kurudi nayo. Uwanja si kipande cha lami peke yake. Ni mkusanyiko wa watu na huduma, na usipoukamilisha, kilomita ulizookoa hubaki katika ramani.

Nini kifanywe? Mimi si waziri, ni mwalimu. Lakini mwalimu wa kando ya barabara ana haki ya kusema. Kwanza, wenye mizigo na wenye ndege wakubaliane juu ya saa ya kuondoka ambayo imehesabiwa kwa mwendo wa halali. Ikiwa safari ya halali ni saa 4, basi gari liondoke Maua saa 5 kabla ya mzigo kutakiwa uwanjani, na ndege isipangwe kana kwamba dereva ana mabawa. Saa 1 ya ziada katika saa 48 za uhai wa jani si hasara ya kumfilisi mtu. Pili, serikali za kaunti na ile ya kitaifa ziitazame Isiolo upya, wala zisiishie kwenye urefu wa lami, bali ziangalie pia forodha, hifadhi ya mazao na ndege zenyewe. Tatu, masoko kama Karurumo yawekewe matuta, vivuko na mipaka ya mwendo inayosimamiwa usiku na mchana. Kibao kisichokuwa na askari ni pambo.

La nne ni letu, walimu wenzangu. Tunapofundisha umbali baina ya viwanja viwili, tusiishie uwanjani. Mwanafunzi akishapata kilomita 1,001 na saa zake 2, tumwulize: mzigo ulitoka wapi? Ulipita wapi? Nani alikuwa akivuka barabara? Tumpe ramani ya wilaya na uzi, apime njia ya Maua hadi Nairobi. Apige hesabu ya saa za halali na za haramu, aseme tofauti yake imelipwa na nani. Watoto wetu wengi hawatapanda ndege upesi, lakini hapana hata mmoja kati yao asiyeishi ndani ya safari ya ndege ya mtu mwingine. Wanaishi katika zile saa ambazo vitabu havizitaji.

Nanyi wanafunzi, msidharau hesabu za kitabuni. Ni kwa hizo tulizozipiga hapa kwamba tumeweza kuona jambo ambalo macho hayawezi kuliona kwa kulitazama gari linalopita: kwamba haraka ya barabarani haikuanza kwa dereva, na kwamba dakika moja inayoibwa ardhini ni rahisi kwa mwizi kuliko dakika moja inayonunuliwa angani. Wahenga walituambia kwamba haraka haraka haina baraka, nasi tumeyarudia maneno hayo hadi yakapoteza makali. Yapeni makali tena kwa tarakimu. Lichukueni swali hili nyumbani, mlijibu kwa penseli na kwa dhamiri: ikiwa Mogadishu ni saa 2 kutoka Nairobi, na Nairobi ni saa 4 kutoka Maua, ni saa ngapi ambazo mtu ana haki ya kuziondoa, na azitoe kwenye maisha ya nani?